Simu ya Alhamisi

Kasulu, Jumanne 1 Oktoba

Naanza kuandika leo kwa sababu watu wa nyumba hii wana tabia ya kuyakana maneno yao. Binti yangu Kudra kaniambia asubuhi, huku akipanga sufuria, kwamba simu yetu ya mezani itakatwa kabla ya mwaka kwisha. Nikamuuliza kasema nani. Kampuni yenyewe, ati imetuma barua: waya za shaba zinang'olewa mjini kote, sauti za watu sasa zitapita kwenye intaneti. Nikasema nipe hiyo barua. Barua imo ndani ya simu yake ya mkononi. Nikamwambia barua isiyoshikika si barua.

Simu hii aliiweka marehemu mume wangu, Hemedi, mwaka tuliotoka Ujiji kuja kufungua duka hili la vyombo. Wakati huo mtaa mzima ulikuwa unakuja kupiga hapa. Sasa haina kazi, ndivyo asemavyo Kudra. Yeye anajuaje kama haina kazi?

Alhamisi 3 Oktoba

Imelia saa nane na robo. Kudra alikuwa uani, anakula.

Jambo hili sijapata kumwambia mtu, naliandika hapa nione linavyosomeka. Karibu kila Alhamisi mchana simu inalia, na nikiinua hakuna anayesema. Haijakatika, namsikia mtu anavuta pumzi. Mimi najua ni nani. Ni mwanangu Shamsi. Leo ni mwaka wa sita tangu atoke mlango huu na yule msichana wa Kikongo wa kambi ya Nyarugusu, Reine, Mkristo. Baba yake alimwambia: ukitoka naye, usirudi hata kunizika. Na baba yake alipokufa, kweli hakuja. Jeuri yao ilikuwa moja.

Basi yeye ananyamaza, mimi nasema. Leo nimemwambia mvua zimechelewa, nimeng'olewa jino la nyuma, na jogoo wa jirani kaibwa mchana kweupe, na mimi namjua mwizi. Dakika tano hivi. Kisha akakata.

Kudra kauliza alikuwa nani. Nikasema wamekosea namba.

Jumatatu 7 Oktoba

Mvua ya kwanza. Umeme ulikatika saa saba mpaka magharibi. Simu ya mezani ilikuwa hai. Nikamwinulia Kudra mkono wa simu asikie mlio wake. Hakutaka kusikia.

Jumatano 9 Oktoba

Amekuja fundi. Anaitwa Anania, mwenyeji wa Kumsenga, mtu mzima mwenye mvi ndevuni, mpole kupita kiasi. Mimi mtu mpole kupita kiasi namwangalia mara mbili.

"Mwakeye, mama," akanisalimia Kiha.

"Wewe ndiye unayekata simu za watu?"

Akacheka. "Sikati, mama. Nabadilisha njia tu. Tunawaletea mkongo."

"Wakongo nimewaona wa kutosha."

"Si Mkongo mtu, mama! Mkongo wa mawasiliano. Ni waya wa kioo, mwembamba kama unywele. Sauti inapita humo kama mwanga."

Nikamuuliza namba itabaki ileile? Akasema ileile. Umeme ukikatika je? Hapo akajikuna shingo. "Umeme ukikatika kisanduku kinazima, na simu inalala nacho. Labda mnunue betri." Nikamgeukia Kudra. Kudra akawa anafuta glasi ambazo amezifuta jana.

Halafu, akiwa anakunja kamba yake, fundi akauliza: "Laini hii huwa anapiga nani sana, mama?" Yeye kinamhusu nini? Nimeandika namba ya pikipiki yake nyuma ya daftari.

Alhamisi 17 Oktoba

Amepiga. Nimemwambia habari ya mkongo. Nimemwambia, "Namba ni ileile, usiogope, wewe piga." Nimesikia kitu, kikohozi au kicheko. Nimekaa na mkono wa simu hata baada ya kukatika, najaribu kukumbuka kicheko chake kilivyokuwa, sikukipata.

Jumapili 20 Oktoba

Mvua kutwa. Hakuna mteja.

Alhamisi 24 Oktoba

Hakupiga.

Kudra na fundi wamesimama barazani muda mrefu. Nilipotokea wakanyamaza, kisha fundi akaanza kuisifu nguzo yetu ilivyonyooka. Nani anasifu nguzo?

Jioni nimembana Kudra.

"Tulikuwa tunapanga itakavyolia, mama. Italia hapa mezani, na italia kwenye simu yangu pia. Nikiwa sokoni hatumkosi mteja."

Kumbe. Simu ya nyumba yangu italia mfukoni mwake.

Nitaandika hili mara moja tu. Hemedi alipokufa hatukugawa chochote, tulimngoja Shamsi. Siku Shamsi akirudi, sheria ya mirathi inampa sehemu mbili, Kudra moja. Sisemi kitu. Naandika tu.

Alhamisi 31 Oktoba

Amepiga. Nimemwambia taratibu, mdomo karibu kabisa na simu: "Wiki ijayo wanabadilisha. Ukisikia sauti isiyo yangu, kata." Pumzi ikasimama kidogo. Kisha ikaendelea.

Jumanne 5 Novemba

Wamebadilisha. Nimekaa kwenye kiti changu tangu saa tatu, sikuondoka hata kunywa maji. Anania alitoboa ukuta, akapitisha uzi mweusi, akaweka kisanduku chenye taa nne za kijani zinazokonyeza. Waya wa zamani akauvuta kutoka ukutani. Ulitoka na chokaa na utando wa buibui wa miaka thelathini na zaidi. Akauviringisha akautia kwenye gunia. Nikamuuliza unaenda wapi. Akasema ofisini. Sawa.

Simu mpya ni nyepesi, haina uzito mkononi. Ina kidirisha kinachoonyesha namba. "Sasa utamjua mtu kabla hujainua, mama," akasema. Nikamwambia mimi sihitaji kidirisha kumjua mtu.

Alhamisi 7 Novemba

Mvua kubwa na radi. Umeme umekatika saa sita. Taa nne zote zimezima. Nimekaa mbele ya simu mfu mpaka saa kumi na moja. Kudra alikuwa sokoni; karudi amelowa, hasemi na mtu, kaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Alhamisi 14 Novemba

Umeme upo. Taa zipo. Hakupiga.

Jumamosi 16 Novemba

Kudra kaenda harusini Titye. Kaondoka alfajiri, karudi magharibi, macho mekundu.

"Harusi ilikuwaje?"

"Nzuri."

Hana hina. Harusi gani mwanamke anarudi mikono myeupe?

Alhamisi 21 Novemba

Hakupiga. Saa nane na nusu simu ya mkononi ya Kudra ililia. Akaitazama, akatoka nayo uani, akasimama kwenye mvua chini ya kipande cha bati. Dakika ishirini kwa saa ya ukutani. Nilisimama nyuma ya mlango, mvua ilikuwa inapiga bati, sikusikia ila neno moja: "Bado." Alilisema mara mbili.

Ijumaa 22 Novemba

Leo nitaandika mpaka nimalize.

Asubuhi nilimtuma Kudra kwa muuza mikeka. Alipoondoka nikampigia fundi Anania nikamdanganya kwamba kisanduku kimeharibika. Akaja na pikipiki yake, kachafuka matope mpaka magotini. Akakagua, akasema kizima, mama, hakina shida. Nikamwambia basi mbona sipati simu. Akafungua kompyuta yake ndogo kwenye meza ya duka.

"Simu zote zinaandikwa humu, mama. Ngoja nikusomee. Tangu nifunge, zimeingia kumi na moja. Kumi zimepokelewa hapa mezani. Moja imepokelewa kwenye simu ya Kudra."

"Lini?"

"Alhamisi, tarehe saba. Saa nane na dakika kumi. Hapa kisanduku kilikuwa kimezima, kwa hiyo ililia kwake peke yake." Akasogeza uso. "Wameongea dakika thelathini na mbili."

Dakika thelathini na mbili! Mimi miaka miwili nasema peke yangu, hajanijibu hata kwa mguno. Kudra siku ya kwanza tu, dakika thelathini na mbili. Anania akauliza kama naumwa. Nikamwambia aende zake. Akasita mlangoni, akasema, "Pole, mama," akaenda. Hakuniuliza tena neno. Labda nilimkosea yule mtu.

Kudra aliporudi sikumpa nafasi ya kutua mikeka.

"Tarehe saba ulizungumza nini na kaka yako?"

Akaweka mikeka chini. Akafunga nusu ya mlango wa duka. "Kaa, mama."

"Nimekaa vya kutosha. Sema."

"Sikuzungumza na kaka. Anayepiga si Shamsi. Ni Reine."

Nikamwambia muongo. Akaendelea kama hakunisikia, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma. Kwamba Shamsi yuko Kibondo. Kwamba mwaka juzi, mwezi wa tano, lori la mbao alilopanda lilipinduka upande wa Gwarama, akaumia kichwa. Kwamba alilala hospitali wiki saba. Amepona, anaelewa kila kitu, ila maneno hayatoki na mkono wa kulia hauna kazi. Kila Alhamisi Reine haendi gulioni. Anabonyeza namba, anamwekea Shamsi simu sikioni.

"Anakusikiliza, mama. Ndiyo anachofanya. Anakusikiliza."

Mtu akiambiwa jambo kama hilo anapaswa kulia. Mimi nilitafuta ufa. Nikasema hao ni matapeli, kambini wamejaa, wanakutungia mgonjwa, mwisho utaombwa utume kitu. Nani kathibitisha?

"Mimi. Harusi ya Titye haikuwapo. Nilikwenda Kibondo. Nimemshika kwa mikono yangu."

"Ukakaa kimya wiki nzima? Kwa nini hukuniambia?"

Kudra akanitazama. Nimemzaa, nimemlea, sijapata kutazamwa hivyo. "Nilikuwa nangoja wewe ndiye uniambie, mama."

"Nikuambie nini?"

"Unajua."

Najua. Hata humu sikuliandika, na daftari ni langu mwenyewe.

Simu ya kwanza haikuwa ya kimya. Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka juzi. Ilikuwa sauti ya mwanamke, Kiswahili cha kule kwao. "Mama, niko Reine. Bibi ya Shamsi. Pardon, mama, tafadhali..." Nikaweka simu chini. Akapiga tena. "Mama, Shamsi eko..." Nikaweka chini. Sikungoja kusikia Shamsi yuko nini. Nilisema moyoni: huyu ndiye aliyeninyang'anya mwanangu, leo anataka kuniita mama. Mara ya tatu simu ilipolia, siku nyingine, hakusema mtu. Mimi nikajiaminisha kwamba ni Shamsi, kajuta, anaona haya. Nikaanza kusema.

Mwanangu alikuwa amelala na kichwa kilichopasuka na mimi nikakata simu. Mara mbili.

Kudra kapika ugali, kala peke yake.

Jumatatu 25 Novemba

Siku mbili hatujasemeshana. Leo mchana Kudra kaja na simu yake, kaiegemeza kwenye rundo la sahani mezani. "Tumpigie kwa picha. Umwone." Nimefunga kilemba vizuri, kisha nikajiona mjinga.

Kwanza ulitokea ukuta. Kisha Reine, amekonda, nisingemjua. Hakunisalimu kwa jina lolote, alisema tu, "Eko hapa," akageuza simu. Nikamwona. Ndevu zimeingia mvi na hana miaka arobaini. Mdomo umevutwa upande mmoja. Macho yake ndiyo yaleyale. Nikamwita. Mdomo wake ukafunguka, ukafanya kazi kama mtu anayeinua gunia, ikatoka sauti isiyo neno. Kisha akageuza uso ukutani, na picha ikasimama. Umeme ulikuwa umekatika, na intaneti ya kisanduku nayo.

Nimemwambia Kudra hakika amekata mwenyewe, hataki kuniona. Kudra akasema, "Mama, tazama taa." Nimeziona taa zimezima. Lakini mtu aligeuza uso kabla taa hazijazima.

Kibondo, Alhamisi 28 Novemba

Nimekuja na gari la asubuhi. Kudra kabaki dukani. Tulipopita njiapanda ya Makere, mama mmoja akashuka na mizigo yake ya kambini, nikajikuta namchunguza uso, kana kwamba kila Mkongo ana jambo langu. Tabia haiachi mtu kwa siku moja.

Wanakaa vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga. Barazani kuna cherehani. Reine alikuwa anashona sare za shule. Aliponiona akasimama, uzi ukiwa bado mdomoni. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Kasulu. Nikauliza tu, "Yuko wapi?"

"Amelala kidogo, mama. Ingia, keti. Atakuamukia."

Nikakaa. Chumba safi, kinanukia mafuta ya cherehani. Nilitafuta kosa, macho yangu yenyewe yalikwenda pembeni, chini ya kitanda, kwenye shuka. Shuka zimefuliwa. Kucha za mwanangu zimekatwa, ndevu zimechanwa. Mkono wake uliokufa umewekwa juu ya mto mdogo alioshona huyu mwanamke kwa vipande vya kitenge, ili usiumie.

Nikamuuliza nje, kwa sauti ya chini, "Kwa nini miaka miwili hukusema?"

Hakuinua macho kwenye cherehani. "Nilipoongea, mama, ulikata. Nilipokaa kimya, uliongea. Yeye alikuwa anataka kusikia mama yake. Basi nikakaa kimya."

"Ulimwambia kwamba nilikata?"

"Hapana. Nilimwambia laini iko mbaya. Hajuaka. Na mimi sitamwambia."

Akanipa zawadi hiyo bila kunitazama, akaendelea kushona. Nami Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililowaza ni kwamba anataka kunishika kwa siri hiyo.

Shamsi alipoamka alinitazama sana. Nikamshika uso. Alilia kwa jicho moja zaidi ya jingine. Nikamwambia habari za jino, akaweka kidole cha mkono mzima shavuni mwake, upande uleule. Hakukosea. Alikuwa amesikia yote.

Ijumaa 29 Novemba

Sikulala vizuri. Nimefikiri hivi: nikinyamaza, kila nitakapomtazama Reine nitamwona mtu anayenidai, na nitaanza kumtafutia kosa mpaka nilipate. Najijua. Siwezi kukaa na siri yangu mkononi mwa mtu mwingine.

Reine alipokwenda kuchota maji nimekaa kitandani nimemwambia Shamsi. Kila kitu. Mara ya kwanza, mara ya pili, na neno "eko" nililolikatia njiani. Sikusema baba yako ndiye aliyenifanya nikate. Baba yake alikuwa kaburini.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akautoa mkono wake kwenye mkono wangu, akaushusha juu ya blanketi, akageukia ukuta.

Reine karudi katukuta hivyo. Akatua ndoo. "Umemwambia." Nikaitika. Akasema, "Aa, mama," tu.

Jumamosi 30 Novemba

Hanitazami. Mvua.

Jumapili 1 Desemba

Reine kaenda kanisani. Nimempikia Shamsi uji, nimeuweka karibu. Hakuugusa mpaka Reine aliporudi kumnywesha. Nimewaza kwamba Reine anamchochea kwa macho. Kisha nikamwona anamnong'oneza, akinielekezea kidole, na Shamsi anatikisa kichwa. Alikuwa ananiombea.

Jumanne 3 Desemba

Nimefua shuka. Nimeshona vifungo vya sare kumi na mbili. Reine kasema mkono wangu mwepesi. Nimemwita "mwanangu" bila kupanga. Tumeshtuka wote wawili, kila mmoja akashika kazi yake.

Alhamisi 5 Desemba

Saa nane simu ya Reine imelia. Kudra, kwa picha, kutoka dukani. Shamsi kamwinulia kidole. Kudra kauliza, "Mama yuko wapi?" Reine akanigeuzia simu. Nikasema, "Nipo. Narudi Jumamosi. Huku sina kazi." Kudra akasema nisubiri. Nikamwambia mtu asiyetakiwa haongezi siku. Shamsi alikuwa anatazama ukuta, lakini mlango wa sikio haufungwi.

Jumamosi 7 Desemba

Nimefunga mkoba tangu alfajiri. Gari la Kasulu hupita barabarani saa mbili, hupiga honi mara tatu pale kwenye mashine ya kusaga. Reine kanipa chapati za njiani, kazifunga kwenye kitambaa. Nimemwambia nitanunua betri ya kisanduku ili simu isilale tena, akacheka. Shamsi alikuwa amekalishwa kwenye kiti karibu na mlango, uso nje.

Nikaweka mkoba chini, nikainama kumuaga. Nikasema, "Mwanangu, naenda. Hasira zako ni haki yako. Nitakuwa nakupigia mimi." Hakunitazama. Honi ikalia. Nikainama kuchukua mkoba, haukuja. Nikavuta. Nikadhani umenasa kwenye msumari.

Alikuwa ameukanyaga. Mguu wake wa kushoto, ule mzima, juu ya mkanda wa mkoba, ameukaza mpaka mshipa wa shingo umesimama, na macho yake yako nje barabarani kama hayamo.

"Mama," Reine akasema nyuma yangu, "amesema usiende."

Honi ikalia mara ya pili, na ya tatu. Hakuuondoa mguu mpaka gari lilipopita.